Mama Akinyi na Mtihani wa Presha

Mama Akinyi wangu,

Hapa mtaani Silanga mambo ni yale yale, ila mahali pako pa kukaangia samaki pamechukuliwa na mama wa viazi. Ni mtu mzuri, sina la kumsema, lakini mvua ikianza tu hufunga akaenda kwake. Wewe ungefunika karai kwa sinia, ukavuta kigoda hadi chini ya turubai langu, tukawasema waume wa watu mpaka jua litoke. Siku za mvua ndizo hunitesa.

Bado nakata sukuma wiki za kuuza. Wateja wa kutoka maghorofa ya Nyayo Highrise huniuliza, "Yule mama wa samaki alienda wapi?" Mwanzoni nilikuwa nawaeleza. Siku hizi nasema umesafiri, maana nikieleza nashindwa kushika kisu.

Unawakumbuka wale vijana wa utafiti? Wale waliokuja na mashine ya presha, wakitaka kujua sisi watu wa mabanda tufanye nini ili presha na moyo visitumalize mapema. Walituuliza chumvi tunatia kiasi gani, tukajibu kidogo. Kidogo! Wewe ambaye chumvi ya samaki wako ilionekana kwa macho! Tulikuwa tunaijua siku yao ya kuja, na unatujua akina mama wa hapa, mgeni hawezi kukuta nyumba haijafagiliwa. Basi tukafagia na miili. Kabla hawajafika, hakuna chumvi, hakuna chai ya majani, ni kutafuna kitunguu saumu na kulala miguu imeegemezwa ukutani. Ploti nzima ilinuka saumu. Mashine ikisema uko sawa, wewe unatoka nje na vigelegele: "Nimepita! Mama Mwende, wewe umepata ngapi?" Nilicheka hadi nikakaa chini. Jioni tukala mgongo wazi, ile mifupa ya samaki iliyokwisha kutolewa minofu, na chumvi yake yote.

Nao wakaandika kwamba wewe ni mzima. Kisha siku moja ukaanguka kando ya jiko, mafuta yakiwa bado yanachemka. Mazishini mchungaji alisema mficha maradhi kifo humuumbua, nikakasirika hadi leo. Hukuficha kitu, wewe. Ulitaka tu kijana wa watu akukute umependeza.

Vijana wale walirudi, wakaanzisha vikundi vya akina mama wa kukumbushana dawa na kupunguza chumvi. Niliwaeleza habari ya saumu, wakaangaliana. Sasa wameniomba nisaidie kupima watu huku na Kawangware, na Kawangware, kama ujuavyo, ndiko aliko Akinyi wako. Bado anafulia watu nguo. Na kichwa kinamuuma, Mama Akinyi, pale pale kisogoni palipokuwa pakikuuma wewe.

Nilimwambia nitakuja kumpima Jumamosi. Nilipofika mlangoni, sijabisha hata hodi, nikasikia harufu ya saumu.

"Niko fiti, Anti. Pima tu, utaona." Akaninyooshea mkono, na tabasamu ni lile lako. Nilishindwa. Nilikaa kitandani mwake nikalia kama mtoto, naye maskini akadhani kuna mtu amekufa nyumbani. Nikamwambia mama yake alifaulu kila mara. Kila mara, na tukamzika.

Siku hiyo sikumpima. Nilirudi katikati ya wiki bila kumwambia, nikamkuta kwenye beseni, povu hadi viwikoni, ameshakunywa chai yake. Mashine ilipomaliza, namba zilikuwa juu mno. Akausoma uso wangu.

Kumpeleka kliniki kulikuwa vita. "Dawa ya kila siku ni ya wazee, Anti." Kiburi hicho kakitoa kwako, usinitazame mimi. Alikubali siku nilipomuuliza mtoto wake atalelewa na nani. Nilikuwa mkali, nisamehe, lakini niliogopa. Bado naogopa. Kila simu ya kutoka Kawangware naiombea kabla sijaipokea.

Jana aliyepiga alikuwa yeye. Wamempima huko kwenye kikundi, hajajiandaa, amekwenda vile vile alivyo. "Leo pia nimefeli, Anti, lakini si kama juzi." Alikuwa anacheka. Nikaacha sukuma za watu mezani, nikazunguka nyuma ya kibanda, nikamshukuru Mungu.

Lala salama, rafiki yangu. Najua unatamani kumwona mwanao. Mimi nakuahidi jambo moja tu: nitahakikisha unamsubiri sana.

Wako,
Mama Mwende