Kikohozi Katika Chumba cha Cherehani

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba kabisa, najua shikamoo yako iko njiani. Mimi mzima, na safari hii si uzima wa kusema tu. Zile sindano za baridi yabisi zimefanya kazi! Vidole vilivyojikunja kama makucha ya kuku vimefunguka. Jana nilitunga uzi mwenyewe, nikashona kola za sare za shule. Jirani anasema nimeolewa upya. Nikamuuliza, na nani, na friji? Maana dawa imo humo, na naichungulia kila asubuhi.

Jambo dogo tu. Nikishona, namsikia marehemu baba yako akikohoa nyuma yangu, penye cherehani yake. Usinicheke.

Mama yako

19 Machi

Shikamoo mama,

Huku sijambo, kazi tu. Nimecheka, kisha nimelia kwa furaha. Mwili wako ulikuwa unajipiga wenyewe. Nesi niliyemuuliza anasema dawa hii inawashika mkono wale wanaokupiga tu. Lakini hao hao ndio walinzi wako dhidi ya magonjwa, kwa hiyo ukipata homa usikae nayo.

Baba mfunikie cherehani yake shuka, apumzike.

Mwanao

8 Mei

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mimi nipo. Samahani kwa kimya, kazi zimejaa. Hata magauni yangu nimeyapunguza kiuno, na mwezi huu nimeyapunguza tena. Raha ya kuwa na vidole! Jasho ndilo linanisumbua, naamka shuka limelowa.

Baba yako sasa anakuja kila siku. Nimezoea, namwitikia. Ila jirani kaniudhi. Kasema, "Fundi, mbona ni wewe unayekohoa?" Nimemfukuza.

Mama

20 Mei

Shikamoo mama,

Sikuulizi hali, hali nimeiona. Nijibu bila kunificha: baba alikufa kwa pumu kweli? Nilipokupeleka hospitali kabla ya sindano, daktari aliuliza kama nyumbani kuliwahi kuwa na kifua kikuu. Nikajibu mimi, "Hapana, baba alikuwa na pumu." Wewe ulikuwa unatazama vidole vyako.

Kipimo chako cha kifua kikuu kilitoka safi, lakini nesi anasema si kila mara kinawaona wadudu waliolala. Walinzi wakilegezwa, wanaamka. Usijidunge tena. Nenda hospitali leo, mama, nakusihi. Huyo anayekohoa yumo kifuani mwako. Naogopa.

Mwanao

11 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa jirani, tumepatana. Mimi nasema, yeye anaandika, maana vidole vimejikunja tena.

Ulikisia sawa. Tulisema pumu ili wateja wasiziogope nguo zetu, na uongo ukishakaa nyumbani miaka mingi unakuwa kama mtu wa familia. Daktari alipouliza, nilitaka kusema. Lakini nilivitaka vidole zaidi.

Usiwe na hofu. Vidonge nakunywa, jirani ananisimamia kama askari. Mwili unarudi, magauni jirani kayafumua. Daktari anasema mapafu yakipona sawasawa, huenda wakatafuta sindano nyingine ya kunifaa. Tutaona.

Kikohozi kimekwisha. Nyumba iko kimya, mwanangu, kimya nisichokiweza. Jana nilikaa kutwa karibu na cherehani ya baba yako. Nilitoa lile shuka ulilosema niifunikie. Nikajikohoza makusudi, kama alivyokuwa akikohoa yeye, nikangoja.

Hakuitika.

Mama yako