Soya ya Shangazi Hawa

Lukozi, 11 Februari 2023

Mwanangu Rahma,

Hujambo? Sisi wazima, kabichi zimekubali, baba yako anakusalimu. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu ya hapa nyumbani anaishika mwanangu Twaha, na haya si ya mtoto wa kiume kusoma. Huu mwaka wa tatu sioni siku zangu, sawa, umri. Lakini joto, mwanangu. Ukungu wote huu nami nalala nimetupa blanketi. Wenzangu wanasema nina shetani. Wewe unafundisha baiolojia huko, niambie.

Shangazi yako,
Hawa

Morogoro, 2 Machi 2023

Shikamoo shangazi,

Pole. Huna shetani. Wewe ndiye uliyenifunda nilipovunja ungo, kwa hiyo sioni haya kukujibu. Homoni ya kike imepungua mwilini. Soya ina kitu kinachofanana nayo kidogo. Baadhi ya wanawake huwapunguzia joto, wengine hawaoni tofauti. Unga nimeutuma kwa basi, changanya kwenye uji.

Mwanao,
Rahma

Lukozi, 20 Agosti 2023

Mwanangu,

U mzima? Mimi mzima kupita kiasi. Joto limepungua, na wiki iliyopita damu ilirudi. Ulisema homoni ya kike, nami nimeiona kwa macho. Nimekunja mswala kama msichana, nikacheka peke yangu. Jirani yangu Sesilia naye anataka. Tuma mfuko mkubwa.

Shangazi yako

Morogoro, 25 Agosti 2023

Shikamoo shangazi,

Soya hairudishi hedhi. Damu ikija baada ya kukoma miaka yote hiyo, hata tone, inaweza kuwa saratani. Nenda hospitali sasa, usingoje mavuno. Nimempigia Twaha akupeleke, ila sikumwambia sababu. Naogopa, shangazi.

Mwanao,
Rahma

Wodini, 14 Oktoba 2023

Mwanangu Rahma,

Habari za huko? Mimi nakula, nimepungua kidogo. Ni saratani ya mji wa mimba. Daktari anasema tumeiwahi, Alhamisi wanautoa wote. Nilimuuliza kama soya ndiyo iliyoileta. Akasema haoni sababu ya kuilaumu. Niliuliza kwa ajili yako, maana nakujua, utakuwa hulali.

Swala nilizoziacha kwa furaha, nikidhani ni hedhi, nazilipa hapa kitandani.

Jana nesi alitaka jina la ndugu wa kuitwa mambo yakiharibika. Twaha akaanza kutaja lake. Nikamwambia atoke nje kwanza, nikaandikisha lako. Njoo kabla ya Alhamisi.

Shangazi yako,
Hawa