Mama Yetu Tak Jeom-rye na Meza ya Watu Wawili

Mwaka umekatika, Mama, tangu asubuhi ile ya Novemba ulipotutoka ghafla, kabichi za kuchachusha kimchi zikiwa bado zimelowekwa kwenye maji ya chumvi. Watu walituambia mwaka ukifika tutakuwa tumepoa. Hatujapoa.

Jana tulikuandalia meza kama desturi inavyotaka: wali, supu ya nyama na figili, samaki mzima, mboga, keki za mchele, mapeasi yaliyokatwa vichwa. Mkweo Gi-yeon alizitazama zile sahani zilivyojipanga, akauliza kwa sauti ndogo, "Hivi alipokuwa hai tuliwahi kumwandalia hivi?" Kaka Hyeong-mo akamwambia anyamaze, ubani unawaka. Jibu wote tunalo.

Miaka thelathini na moja ulipika katika shule ya msingi hapa Daejeon. Watoto mia sita kila siku. Ulishinda ndani ya mabuti ya mpira, ukikoroga supu kwa upawa mrefu kama kasia, na chakula chako ulikila umesimama kando ya karo, bakuli mkononi. Hata nyumbani hukujua kukaa. Baba alikuwa akikutania, "Jeom-rye, kiti hakiumi."

Tena hukuweza kuona chakula kinamwagwa. Wanafunzi wako wa zamani, watu wazima sasa wenye vitambi, walikuja msibani wakatusimulia jinsi ulivyokuwa unasimama kando ya ndoo ya makombo kama askari. "Rudi ukamalizie," ulikuwa unawaambia. "Mpunga haukuota kwa ajili ya ndoo." Walilia wakicheka.

Baba alipofariki na wewe ukastaafu, ulituambia unataka kitu kimoja tu. Ulitaka kwenda kusini, Jeolla, kwenye nyumba zile za kale za kula ambako wanawake wawili wanakuingizia chumbani meza nzima iliyokwisha kupangwa. "Nikae chini," ulisema, "niletewe, nile, na nisiinuke." Hyeong-mo akasema, "Sikukuu ya mavuno ikipita, Mama, nitakupeleka." Ikapita. Mimi nikasema nikipata likizo. Likizo niliipata, nikaenda kwingine. Basi ukafunga kibegi chako cha mgongoni ukaenda peke yako, na huko ndiko ulikokutana na neno ambalo hadi leo nikilisikia damu inanichemka.

Jeonju, mlango wa kwanza. Ulinisimulia neno kwa neno.

"Karibu, Mama. Wangapi?"

"Mmoja."

"Aa, Mama, samahani. Meza yetu inaanzia watu wawili."

"Nina njaa ya watu wawili."

"Ndivyo ilivyo, Mama. Sahani ni nyingi, hatuwezi kumtolea mtu mmoja."

Mlango wa pili vilevile. Wa tatu walikutazama miguuni, wakaona umeshavua kiatu kimoja, wakakwambia ukivae. Ulinipigia simu ukiwa stesheni, unakula tambi umesimama. Mimi nilicheka, Mama. Nilikuwa ofisini, nikacheka nikawasimulia wenzangu, nao wakacheka.

Damyang walikwambia wanaweza kukuhudumia ukilipia wawili. Ukauliza, "Na nusu itakayobaki?" Mwenye nyumba akasema itatupwa, ndiyo utaratibu wa afya. "Basi lipieni nyinyi," ukamjibu, ukarudi Daejeon na njaa yako. Nilikugombeza. Nilikwambia, "Mama, si ulipie tu, ukae, ule kidogo!" Ukanitazama kama ulivyokuwa unamtazama mtoto aliyekamatwa kwenye ndoo.

Ndipo ukaenda Gangjin. Mlangoni ulimkuta mwanamume wa makamo yako, kofia kichwani, anabishana na mwenye nyumba. Naye alikuwa mmoja. Ukamgusa bega.

"Nawe uko peke yako?"

"Kwani unaona wangapi?"

"Basi tuwe wawili."

Akakutazama juu hadi chini. "Mimi siongei ninapokula."

"Na nani kakuomba uongee?"

Mkaingia. Meza ililetwa kama ulivyoota, imebebwa na wawili: kaa wa kwenye mchuzi wa soya, nguruwe wa kuchoma, machipukizi ya mianzi, samaki taa aliyechachushwa mpaka anamtoa mlaji machozi. Hakuna aliyesema neno. Mlipomaliza, sahani zote zilikuwa nyeupe, naye yule mwanamume akafuta mdomo akasema, "Alhamisi ya pili ya mwezi ujao, Haenam. Saa sita." Ukasema, "Saa sita." Kila mtu akapanda basi lake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mwaka mmoja na nusu. Haenam, Boseong, Naju, Damyang tena, na safari hii hapakuwa na wa kukufukuza. Kila meza ilizaa meza inayofuata: mlipomaliza kula, mmoja alitaja mji, mwingine akaitikia. Hukujua anakaa mji gani. Ulijua tu kwamba zamani alikuwa msoma mita za maji. Nasi hatukujua lolote, mpaka uliponitumia picha ya meza, na pembeni ya picha kukawa na mkono ulioshika vijiti.

"Mama, huu mkono wa nani?"

"Wa mtu wa pili."

"Mtu wa pili gani?"

"Wa pili wa kula. Kwani nyinyi mlikuja?"

Nilikosea kumwonyesha kaka. Hyeong-mo akawa mwekundu kama pilipili. "Kaburi la Baba bado bichi! Watu watasema nini? Na huyo mzee anatafuta nini kwa mwanamke mwenye nyumba na pensheni?" Nilimwambia aache. Sikumwambia kwa nguvu. Januari ile alinichukua kwenye gari tukaendesha hadi Beolgyo, ulikokuwa umeniambia unakwenda kula kombe za baharini za majira ya baridi.

Tuliwakuta katika chumba cha nyuma. Mlikuwa mmekaa sakafuni mkitazamana, lundo la maganda katikati, na kimya. Nilitegemea kukuta vicheko au kunong'onezana. Sijawahi kuona watu wawili wakila kwa bidii namna ile.

Hyeong-mo hakuvua hata viatu. Alivuka kizingiti akasimama, akasema, "Mzee, una watoto wewe? Unataka nini kwa mama yangu?"

Yule mzee akatafuna, akameza, akasema, "Nataka aache kula kombe za upande wangu."

"Hyeong-mo," ukasema, "keti au toka. Unaingiza baridi."

Mhudumu akachungulia nyuma yetu. "Sasa ni wanne? Niongeze wali?"

"Hakuna wanne!" kaka akapiga kelele mpaka vyumba vingine vikanyamaza. "Mama, inuka. Twende nyumbani. Unatuaibisha."

Nilikuwa nimepiga magoti kando ya meza. Nilichukua kombe moja mezani, sijui kwa nini, nikaishika mkononi kama mjinga. Ningeweza kusema, "Kaka, waache wamalize." Sikusema. Ukaviweka vijiti chini. Ukaitazama ile meza, samaki hajageuzwa upande wa pili, bakuli lako la wali nusu. Ukainuka. Wewe, uliyewarudisha watoto mia sita wakamalizie, uliacha chakula mezani kwa sababu yetu. Yule mzee alifungua mdomo kama mwenye neno, akamtazama Hyeong-mo, akaufunga.

Baada ya hapo hukusafiri tena, au ndivyo tulivyodhani. Tukafurahi. Siku yako ya kuzaliwa tulikupeleka kwenye ukumbi wa kula wa kujichotea, hapa hapa mjini, tukapiga na picha. Ulishinda umesimama unawachotea wajukuu. Nilipokuambia ukae, ulisema, "Hapa nani ataniletea?"

Mwezi wa tisa ndipo nilipokuuliza kama umechoka na safari. Ulikuwa unamenya vitunguu saumu.

"Sijachoka. Sina mtu wa pili."

"Si umpigie yule mzee?"

"Namba yake sina."

"Mwaka na nusu mnakula pamoja, Mama, hukumwomba namba?"

"Ya nini? Sikuwa na la kumwambia kwenye simu." Ukamenya punje nyingine. "Tulikuwa tunataja mji tukishamaliza kula. Siku ile hatukumaliza."

Ulisema hivyo tu, bila hasira, ukaniomba nikupe bakuli. Heri ungenipiga. Nikasema nitakusaidia kumtafuta. Ukasema vitunguu vya mwaka huu ni vidogo. Nami nikaahirisha, kama kawaida yetu, na Novemba ikafika kwanza.

Tulipokuwa tunakunja nguo zako, niliona kwenye koti lako tiketi za basi. Beolgyo, Februari. Beolgyo, Machi. Beolgyo, Aprili. Zote Alhamisi ya pili. Nikaenda. Yule mhudumu alinikumbuka, na hakunikumbuka kwa wema.

"Alikuwa anakuja," akaniambia. "Anakaa pale kwenye benchi kuanzia saa sita hadi saa nane. Namwambia, 'Mama, acha namba yako, akija nitakupigia.' Anasema, 'Akitaka kula atakuja.' Namwambia aingie nimpe japo supu, hataki. Anasema yeye ni mmoja."

"Na yule mzee hakuja?"

"Hakuja hata mara moja."

Nikamchukia, Mama. Nilikaa kwenye lile benchi nikamchukia yule mzee kwa moyo wote, maana ilikuwa afadhali kumchukia yeye kuliko sisi. Kisha nikajiambia niende nikaone na Gangjin, mlikoanzia. Nilifika Desemba, Alhamisi ya pili, saa sita na dakika kumi.

Alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake.

Mwenye nyumba alinivuta kando. "Unamjua Mzee Pyo? Tangu Februari kila mwezi anakuja. Anauliza, 'Yule mama amekuja?' Namwambia hapana. Anasimama saa nzima, anaondoka. Nimechoka kumwambia hapana."

Kwa hiyo wewe ulimngojea mahali mlipoachana, naye akakungojea mahali mlipokutana. Kutoka mji mmoja hadi mwingine si hata saa mbili kwa basi. Mama, nilitaka kupiga kichwa ukutani. Watu wazima wawili, kila mmoja ana simu mfukoni!

Yule mzee alinitambua. "Wewe ndiye uliyekuja na yule mwenye kelele."

Nikamwambia. Nilisema vibaya, nikiharakisha, kama mtu anayetoa mwiba. Akavua kofia.

"Lini?"

"Novemba. Tarehe kumi na saba."

"Mimi nilidhani amepata mtu mwingine wa kula naye." Akaigeuza kofia mikononi. "Nikasema, huyu anakula haraka, mtu yeyote angemfaa."

Nikamwambia, "Mzee, tafadhali, twende tuingie. Tuko wawili."

"Hapana, binti. Wewe ulishika kombe ukaitazama." Hakusema kwa ukali. "Leo sina njaa." Akavaa kofia akaenda kituoni, basi likaja, akapanda. Na mimi, Mama, binti yako niliyesoma hadi chuo kikuu, nilisimama pale nikampungia mkono, sikumwomba namba.

Hyeong-mo nilimweleza yote jikoni kwake. Alitoka nje kuosha gari lililokuwa safi. Tangu Januari amekwenda Gangjin kila Alhamisi ya pili, anaomba ruhusa kazini, anadanganya kwamba ni meno. Mzee Pyo haji tena. Kaka anarudi jioni na njaa, hasira zake anammalizia Gi-yeon, kisha anaomba radhi. Mlangoni wanamwambia naye kile kile: samahani, tunaanzia wawili.

Wiki iliyopita alinipa karatasi, akataka iingie kwenye tangazo hili. Ameandika: "Mimi Bang Hyeong-mo ndiye niliyemwinua mama yangu mezani. Mzee Pyo hakufanya kosa lolote." Nikamwambia watu huwa hawaandiki mambo kama haya kwenye kumbukumbu. Akasema, "Watu huwa hawafanyi nililofanya." Akataka pia tuliweke jina la Mzee Pyo pamoja na ya kwetu. Nikasema hatujamwomba ruhusa.

"Kwani niliomba ruhusa nilipoingia chumbani kwao na viatu?"

Basi tumeliweka. Kama yupo anayesoma hapa na anamfahamu mzee mmoja wa kofia, aliyewahi kusoma mita za maji, hasemi anapokula, tunaomba afikishiwe habari: Alhamisi ya pili ya Desemba, Gangjin, saa sita. Akikataa kukaa na sisi, tutalipa tutoke, ale na amtakaye.

Tunaokukumbuka: mwanao Hyeong-mo na mkweo Gi-yeon, binti yako Su-ryeon, niliyeandika haya, wajukuu zako Da-on na Ha-ram, mdogo wako Jeom-sun wa Cheongju, na Mzee Pyo, popote alipo leo.

Hatutakusahau, Mama. Laiti tungekuacha umalize kula.