Ngege Ambao Hatukuwaandika

Tata,

Jumamosi nilisimama barazani pale mwaloni, mitumbwi inapotua, mbele ya wavuvi wote nikasema kwamba hesabu ya daftari lako ina kasoro. Nataka uisikie kwangu mimi binti yako kabla hujaisikia kwa mwingine, kama habari zinafika huko uliko.

Tangu tukuzike kibanjani, mvua imenyesha vizuri na Mama amepanda migomba mipya upande wa chini wa shamba. Mtumbwi wako anautumia kaka. Mimi bado nafundisha Bukoba, na huko ndiko Bwana Samaki alikonifuata. Unamkumbuka, Tata, yule Mzungu wa idara ya samaki aliyekuletea daftari jipya kila mwaka akikusifu kuwa katika Muleba nzima hakuna mvuvi mwingine anayeandikisha samaki wake bila kuruka siku. Alikuja na karatasi iliyopigwa chapa, akaniomba niitafsiri kwa ajili ya baraza. Ilisema samaki aina ya ngege wanapungua, na kwamba kuanzia sasa hakuna mtumbwi utakaotoa zaidi ya ngege thelathini kwa siku.

Kwanza nilifurahi. Ulikuwa ukikitaka kikomo hicho. Mwaka wako wa mwisho ulikuwa ukimshika ngege kiganjani na kusema, "Huyu bado ananyonya," kisha ukamrudisha ziwani, wenzako wakakucheka. Halafu nikauliza thelathini imetoka wapi. Akanionyesha daftari lako. Ilikuwa imetoka kwetu, Tata. Mwandiko ule ulikuwa wangu.

Hapo hapo niliuona akilini mwalo wetu asubuhi, jinsi ulivyokuwa siku zote. Mtumbwi unagusa mchanga. Kabla ya lolote, unawaita wanaosubiri: mjane wa jirani, mama mkwe wa mpiga kasia, bibi aliyeshona wavu. Kila mmoja anafungiwa ngege wake kwa kamba ya mgomba. Hakuna anayehesabu, maana kuhesabu unachompa mtu ni kumsimanga. Wakishaondoka ndipo unapowapanga waliobaki juu ya majani na kuniambia, "Sasa andika, Koku." Hata nilipokuwa shuleni, vifungu vya vijiti ulivyoniwekea nije kuandika, kifungu kimoja kwa kila siku, vilikuwa vya hao waliobaki tu. Miaka yote ile niliandika, na sikujiuliza hata mara moja. Mimi niliyepewa zawadi ya hesabu na masista!

Siku nne sikula vizuri. Nikinyamaza, thelathini itakuwa sheria, na askari atahesabu samaki mtumbwi unapogusa mchanga. Nani atampa mjane ngege kutoka kwenye thelathini wake? Nikisema, wavuvi watadai samaki ni wengi kuliko ilivyoandikwa, na kikomo chenyewe kitazama. Na jina lako je? Nilitafsiri karatasi yote kwa wino safi, nikafika kwenye namba ile, nikaacha nafasi tupu.

Barazani nilisoma mpaka kwenye nafasi hiyo, nikasimama. Kisha nikasema yote, kwa Kihaya kwanza, halafu kwa Kiswahili.

Mzee Kaijage, mvuvi mwenzako, aliruka kama kijana. "Kumbe tumepimiwa chakula na kalamu ya binti yetu!" Watu wakacheka. Mwingine akapaza sauti kutoka nyuma, "Mwalimu, mwambie basi ni mia mbili, tumalize!" Wakacheka zaidi. Mama aliinamisha kichwa, na sikuweza kumtazama tena.

Bwana Samaki hakucheka. Aliniuliza polepole, "Kwa hiyo baba yako alinidanganya?"

Nikamjibu, "Hapana, Bwana. Alihesabu waliokuwa wake. Waliogawiwa hawakuwa wake tena." Akaifunga kalamu yake. Sijui kama alielewa. Sijui kama alikusamehe, au kama kuna cha kusamehewa.

Sheria imesimamishwa. Hesabu itaanza upya Jumatatu, kwa miezi yote ya likizo yangu, na aliyepewa kazi ni mimi. Nitahesabu nikiwa nimesimama majini, kabla ya kugawa, mbele ya wanawake wanaosubiri. Kaijage amekwisha kusema kwamba mtumbwi wake hautatua nikiwa nimesimama pale. Mjane wa jirani alinijia jana akaniuliza, bila hasira, kama jina lake nalo litaandikwa.

Lakini si hilo linaloniogopesha zaidi. Tangu Jumamosi wavuvi wana furaha, kana kwamba nimewaletea habari kuwa ziwa limejaa. Wawili wametoa nyavu za matundu madogo, zile ulizozikataa. Jana niliona ngege wamelazwa juu ya majani, na wengi hawakufika urefu wa kiganja changu. Kiganja changu, Tata, si chako. Huenda nimesema ukweli nao ukawamaliza ngege. Najiuliza kama ungenyamaza. Kila nikikujibia, najibu vingine.

Basi nakuahidi hili. Nitawahesabu wote, wa kuuza na wa kugawa, na kila mmoja nitampima urefu, hata Kaijage akinitemea mate. Hesabu ikisema wapo wengi, nitaandika wengi. Ikisema wanakwisha, nitaisoma barazani kwa Kihaya, kwa sauti, hata kama hakuna atakayeniitikia salamu baada ya siku hiyo. Sitaacha tena nafasi tupu.

Pumzika, Tata waitu. Mama anakusalimu, ameanza kusema nami tangu asubuhi ya leo, maneno machache. Niombee nisikosee.

Mwanao,
Kokugonza