Feni ya Paa la Daudi

Kaka Elia, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo ndani ya gari la mdogo wetu Daudi, huku ughaibuni, Malvern. Ndilo lile la foo-wili, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, analoligeuza mwenyewe kuwa nyumba ya safari. Jana alikata paa ili aweke feni ya kutoa hewa. Tundu lipo, feni haipo, na kesho wanasema theluji.

Niliomba kuona bajeti. Mbao, betri, jiko, kila kitu kina bei yake, na hesabu imefunga vizuri. Nikamuuliza fedha zenyewe ziko wapi.

"Zimeahidiwa," akasema.

Kumbe ameorodhesha ahadi zetu zote za kwenye grupu la ukoo, kama kamati ya harusi, kisha akaanza kazi. Mkewe Neema akaacha kukata vitunguu. "Daudi, umetoboa gari kwa ahadi?" Daudi alichukua turubai akatoka kwenda kuziba tundu, na hawajasemezana tangu hapo. Wali tuliula kila mtu na sahani yake.

Sasa mvua imeanza. Turubai linavuja, naye yuko juu ya paa anakaza kamba bila glavu. Ahadi ya feni ni yako, kaka. Uliandika, "Hiyo niachieni mimi." Tafadhali tuma hela kabla hajaanza kukata madirisha.

Nisalimie wifi na watoto, Mungu awafunike. Na ukijiuliza kwa nini nimekalia ndoo, ahadi ya godoro ni yangu.

Mdogo wako,
Tumaini