Kitabu cha Mwisho Kiko Kwihara

Igalula,
3 Februari 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na mvua hizi? Mimi mzima, ila koo limekauka kwa kuwafundisha Kidato cha Pili logarithimu. Naandika kwa sababu kwenye simu tunaishia kupigiana kelele, "unasemaje, unasemaje".

Huzefa wa duka la vitabu ameniambia umenichukulia mzigo wangu. Asante sana. Mle ndani mna kitabu cha mwisho cha ile hadithi ya majoka na wachawi niliyoianza nikiwa chuo, na flashi yenye filamu zake. Huwa nasoma na mwenzangu Eustadia, mwalimu wa Kiswahili: mimi ukurasa, yeye ukurasa, naye anawaigiza wachawi mpaka ofisi nzima ya walimu inatuonea haya. Amehamishiwa Bukoba, anaondoka mwisho wa Machi, na tuliahidiana tukimalize pamoja. Tafadhali mpe Limbu, huwa anakuja huku na treni kuuza nyanya.

Mwanao,
Siwema


Kwihara,
12 Februari 2025

Mwanangu Siwema,

Marahaba. Magoti ni yale yale, yananiamsha kabla ya jogoo. Wewe chemsha tangawizi kwa hilo koo.

Mzigo ninao, nimeufunga kwenye khanga juu ya kabati. Lakini sitautuma. Mahindi bado yako shambani. Bibi yako hakuruhusu hadithi mpaka mavuno yaingie ghalani, maana watu wakinogewa jembe linalala, na njaa haina adabu. Umelelewa humo humo, usijifanye mgeni. Subiri tuvune, au kama haraka imekuzidi njoo uuchukue mwenyewe.

Na wewe mwalimu mzima wa hesabu, mshahara unauishiza kwa majoka! Mimi nilikusimulia majoka bure.

Mama yako


Igalula,
20 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi sijambo, lakini nimekereka.

Mimi silimi, mama! Hilo jembe litakalolala ni la nani? Huo mwiko ulikuwa wa hadithi za kusimuliwa jikoni, hiki ni kitabu kimepigwa chapa ng'ambo, hakijui hata mahindi ni nini. Kuja siwezi: Jumamosi nina masomo ya ziada, Jumapili nasahihisha madaftari. Eustadia ananiuliza kila asubuhi, nami naona aibu kumwambia mama yangu amekiweka kitabu kizuizini. Nimechoka kubembeleza. Mpe Limbu.

Mwanao,
Siwema


Igalula,
2 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Hukujibu, kwa hiyo hata afya yako sijui niiulizeje.

Eustadia ameondoka. Nilimsindikiza stesheni, tukawa tunacheka cheko la uongo mpaka treni ikaja. Sasa nisome na nani? Walimu wengine hapa wananiuliza kama vile vitabu vinafundisha uchawi. Kazi yenyewe ngumu, mji mdogo, na mtu mmoja niliyekuwa naye amekwenda kabla hatujajua mwisho.

Na jana Limbu kaniambia jambo. Anasema mwezi uliopita alikukuta barazani, mchana kweupe, unawasimulia watoto wa dada Jenifa kisa cha sungura na fisi, na mahindi mabichi nyuma ya nyumba. Kumbe mwiko ni wangu peke yangu? Nimekasirika, mama. Niambie ukweli.

Siwema


Kwihara,
9 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba, ingawa safari hii umeniamkia kama askari. Limbu na debe tupu ni ndugu, lakini hakusema uongo.

Mwiko ulikuwa wa bibi yako kweli, na ulizikwa naye. Mimi ndiye niliyeufufua. Siwema, toka tumalize arobaini ya baba yako hujakanyaga hapa. Ni treni mpaka Tabora na bodaboda mpaka mlangoni. Simu unanipigia siku ya Iddi tu, nayo unaikata haraka, eti chakula kiko tayari. Huzefa aliponikabidhi ule mzigo nikaona, leo kwangu kuna kitu anachokitaka. Nikajua utakifuata.

Hukukifuata, ila ukaanza kuniandikia. Ulinifokea, nami nikawa nazirudia barua zako kwa furaha. Habari ya rafiki yako niliijua, nikanyamaza ili uandike tena. Hapo nimekukosea, nisamehe.

Limbu anakuletea kitabu pamoja na barua hii. Sina kingine cha kukuvuta.

Mama yako


Igalula,
11 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo.

Kitabu kimefika. Barua nimeisoma darasani wanafunzi wakifanya jaribio, ikabidi nigeukie ubao nijifanye nafuta.

Sijakusamehe bado. Eustadia harudi, na ulijua. Ungeandika tu "njoo", mama, basi. Na mimi ningejibu nina kazi, najijua, ndiyo maana hasira zinazidi. Sijui nimkasirikie nani.

Masomo ya Jumamosi nimeyafuta. Nakuja, na hasira zangu nakuja nazo, wala usichinje kuku ukidhani zitaisha. Tutagombana mpaka tushibe. Halafu unipeleke kwenye kaburi la baba, maana njia nimeisahau.

Mwanao,
Siwema