Malalamiko ya Filmon Kituoni

Carys, wamemkamata Filmon. Na mimi ndiye niliyempeleka!

Wiki nzima nilikuwa namsihi akamshtaki yule askari aliyemvunja mkono pale stesheni ya treni. Hakutaka. Mwaka wa pili huu ni mpangaji wangu, sijawahi kumwona akiogopa vile. Nikamwambia, "Hapa Uingereza siyo Eritrea, mwanangu. Hapa hata polisi hushtakiwa."

Nilimwambia hivyo, Carys. Kwa kinywa changu.

Leo akakubali, nikampeleka kituo cha polisi. Sajenti alikuwa mpole kabisa. Akaandika kila kitu, hata mkono wenye plasta akaupiga picha. Kisha akaingiza jina lake kwenye kompyuta, akanigeukia.

"Bi Pritchard, malalamiko tumeyapokea. Ila ombi lake la hifadhi ya ukimbizi lilikataliwa jana. Uhamiaji wanamtaka."

Jana! Hata barua hatujaiona!

Nikapiga kelele, "Na yule askari je?"

"Uchunguzi utaendelea, mama."

Utaendelea na nani, wakishamrudisha kwao mwenye mkono?

Filmon hakunilaumu. Alitoa ufunguo wa nyumba mfukoni kwa ule mkono mzima, akaniwekea kiganjani. "Nguo zangu mpe mpangaji atakayekuja, mama."